Mguu wa Nabintu

Siku ya kuniaga mlinunua keki, mkaimba, na Innocent akasoma hotuba. Katikati ya hotuba alisema kwamba miaka yangu yote ya atelie, karakana yetu ya miguu ya bandia, nilihudumia watu kwa moyo safi. Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama keki, ambayo juu yake jina langu lilikuwa limekosewa herufi, nikajiambia kwamba keki angalau haijidai kunijua. Tangu siku hiyo neno lile la moyo safi limenikaa vibaya. Niko nyumbani, mikono haina kazi, asubuhi ni ndefu, na nimeamua kuwaandikia ninyi mnaobaki na plasta na vumbi lake. Sitawaeleza nilipandaje cheo, maana pale kwetu hakukuwa na ngazi ndefu ya kupanda. Nitaeleza nilivyofundishwa kazi, na yaliyompata mwanamke mmoja aliyeitwa Nabintu. Wengi wenu hamkumwona.

Nilizaliwa Uvira, upande wa Kongo, wazazi wakavuka nami kuja Bujumbura nikiwa bado shule ya msingi. Niliingia atelie nikiwa msichana aliyemaliza masomo na asiyejua la kufanya nayo. Mnajua jengo lenyewe, kile chumba kirefu nyuma ya kanisa. Zamani hakikuwa na dari, bati tupu, na jua likipanda tulikuwa tumeshaiva kabla hata ya kuwasha tanuri. Asubuhi ya siku ya kwanza nilipiga magoti nyumbani nikamwomba Mungu anitumie kwa ajili ya wanyonge. Niliomba kwa sauti. Mama yangu alikuwa chumba cha pili, na nilijua anasikia.

Aliyenipokea ni Mzee Gervais, fundi mkuu, Mrundi mrefu mwenye vidole vyeupe kwa plasta hadi kwenye kucha. Wakati ule hakuwa mzee, ila sisi tulimwita hivyo kwa sababu ya mwendo wake wa polepole. Hakuniuliza habari ya wito wangu. Aliniuliza kama najua kusonga bugali, nikasema najua, akanipa ndoo ya plasta na kuniambia nisonge. Niliharibu ndoo ile. Plasta inakusubiri kidogo tu, na ikishaanza kupata joto mkononi, haikusubiri tena. Ya pili niliiharibu pia. Hakunikaripia, alisogeza tu ndoo ya tatu kwa mguu.

Alinifundisha kuvalisha kigutu, kile kipande cha mguu kinachobaki baada ya kukatwa, soksi nyembamba iliyoloweshwa, kisha kuandika juu yake kwa kalamu ya zambarau: hapa pia ya goti, hapa muundi, hapa kile kifundo cha pembeni ambacho ukikibana mtu atakulaani hadi kaburini. Ukifunga bendeji za plasta juu yake, alama zinahamia ndani, na ukimimina plasta ndani ya ganda lile unapata sanamu ya kigutu yenye alama zote. Ndipo kazi inapoanza. Mahali panapoweza kubeba uzito unapunguza kwa tupa, mahali pasipoweza unaongeza, na ni juu ya sanamu hiyo kikombe cha plastiki, kile cha kuingizia kigutu, kinapofinyangwa. Mgonjwa hakuoni ukifanya kazi hiyo. Anakiona kikombe tu.

Alinifundisha pia kuuliza maswali. Unakaa wapi, mlimani au bondeni? Unafanya kazi umesimama au umekaa? Choo cha kwenu ni cha namna gani? Swali la choo lilinichekesha, hadi alipomwambia mama mmoja mbele yangu aoneshe anavyochuchumaa, na mama akashindwa, akaanza kulia. Sikulicheka tena swali hilo.

Jambo jingine alilonifundisha ni mahali pa kusimama. Mgonjwa anaposimama kwa mara ya kwanza kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, kila mtu wa atelie anapenda kuwa mbele yake. Ni saa nzuri, hata mimi siwezi kukataa. Lakini Gervais alikuwa anapita nyuma, anaweka mikono karibu na kiuno cha mtu bila kumgusa, na anatazama kisigino. Nilimwuliza kwa nini anajinyima. Akasema, "Ukimusimamia mbele, atakuchekea. Atacheka kabla ya kujua kama inamuuma, kwa sababu anaona weye umefurahi. Kisha atashindwa kukuambia ukweli."

Nilidhani ananifundisha ufundi tu. Baadaye niliona kwamba ile ilikuwa dini, ingawa kanisani Gervais alikuwa mtu wa kusinzia.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya risasi, na sitaieleza. Niseme tu kwamba kazi haikupungua. Vifaa ndivyo vilivyopungua. Tulikata nyayo kutoka kwenye matairi, tukashona mikanda kutoka kwenye viti vya mabasi yaliyokufa. Vifungo vya mikanda nilikuwa naenda kuvitafuta Buyenzi kwenye maduka ya vipuri. Mara ya kwanza muuzaji, mzee mwenye kofia nyeupe, aliniuliza ni vya gari gani. Nikamwambia ni vya mguu wa mtu. Alivirudisha vile alivyokuwa amevishika, akaingia ndani kutafuta vingine vilivyo imara zaidi. Akaniambia nichukue tu. Hakuniuliza jina langu wala jina la kanisa letu, na siku iliyofuata nilipompita barabarani hakuonekana kunikumbuka.

Vita vilipopoa tulipata mkurugenzi mpya, Pasta Elie. Sitaki mumwone kama mtu mbaya. Alitukuta hatuna plastiki, akaandika barua huku na huku hadi ikaja. Tanuri mnalotumia sasa aliliomba yeye. Lakini waliotusaidia kutoka mbali walitaka kuona msaada wao ukitembea, na Pasta akaanzisha ibada ya shukrani, kila mwaka mara moja, wageni wakiwepo. Wagonjwa waliopata miguu mipya walikuwa wanatembea kutoka mlangoni hadi madhabahuni huku kwaya ikiimba. Mwaka wa kwanza Gervais alijificha stoo akisingizia kuhesabu skrubu. Mwaka wa pili walimtafuta, wakamtoa mbele, wakamvika shati jipya la kitenge, na kanisa zima likasimama. Niliona uso wake. Alikuwa amefanya kazi miaka na miaka katika joto lile, na wengi wa waliosimama kwa heshima yake siku ile hawakuwahi kujua kwamba yupo.

Mwaka uliofuata picha yake ilitoka kwenye kalenda ya kanisa, ukurasa wa mwezi wa nane. Aliitundika ukutani juu ya meza yake. Pale atelie ulibaki kuwa mwezi wa nane hadi kalenda nyingine ilipotoka. Na kidogo kidogo, bila mtu kutangaza, Gervais akahama. Alikuwa anasimama mbele ya wagonjwa sasa, mikono imefunguliwa, kama baba anayemngoja mtoto. Nilikuwa wa kwanza kuliona hilo, na nilijisifu moyoni kwamba mimi bado nasimama nyuma.

Katika hali hiyo ndipo Nabintu alipokuja. Alikuwa Mkongo mwenzangu, mwanamke wa makamo ya chini, mchuuzi wa vitenge aliyezoea kuvuka mpaka na mzigo begani. Lori la mchanga lilirudi kinyumenyume likamponda mguu wa kulia, na hospitali ikaukata chini ya goti. Alikuwa anakaa mtaa wa Mutakura na mama yake. Aliingia kwa magongo, akakaa, akaniambia kwamba plasta yangu inanuka kuku aliyenyeshewa. Nilimpenda papo hapo. Kigutu chake kilikuwa bado kimevimba, na mwishoni, pale ngozi iliposhonwa, palikuwa na kidonda kidogo kilichokataa kufunga. Nilimfundisha kukifunga bendeji ili kisinyae. Alikuwa anakuja kila baada ya siku chache, tunafungua, tunatazama, tunafunga upya. Vidole vya mguu usiokuwepo vilikuwa vinamwasha, naye alikuwa anakuna ubao wa kiti, anasema inasaidia kidogo.

Ibada ya shukrani ilikaribia. Mwaka ule wagonjwa waliokuwa tayari walikuwa wachache, mmoja akaugua, mwingine akarudi kijijini. Pasta akauliza kuhusu Nabintu. Gervais akakitazama kigutu kwa muda mfupi, akasema itawezekana, akachukua plasta mwenyewe. Mimi nilijua haiwezekani. Na yeye alijua.

Jumatatu tulikuwa na kikao, wafanyakazi wote, Pasta akiwa mwisho wa meza. Nilisimama. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, nikiyarudia njiani. Nilisema, "Mzee Gervais anajua kuliko mimi kwamba ile kigutu haijakuwa tayari. Kama anasema iko tayari, ni kwa sababu anatafuta kalenda ingine."

Watu walicheka. Hata mhasibu alicheka, mtu ambaye hatukuwahi kuona meno yake. Gervais hakunitazama. Aliviangalia vidole vyake mezani, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kigutu kiko tayari, yeye ndiye fundi mkuu. Pasta akasema tufanye sehemu yetu, Mungu atamaliza iliyobaki. Nikakaa. Moyo ulikuwa unanidunda, na nitasema ulikuwa unadunda kwa nini: nilikuwa nimesema vizuri.

Jumapili ile niliketi benchi la mwisho, mikono nimeikunja kifuani ili yeyote atakayegeuka ajue msimamo wangu. Nabintu alivaa kitenge kipya, kilemba chake kimefungwa juu. Gervais alimngoja mbele. Alitembea njia nzima bila magongo, anatabasamu, na wageni walikuwa wanafuta machozi. Kutoka nyuma sikuona uso wake, ila alipogeuka mbele ya madhabahu niliona jasho juu ya mdomo wake wa juu, matone makubwa, na kanisani hakukuwa na joto kiasi hicho. Walimpa kipaza sauti. Akasema anamshukuru Mungu, na kwamba haiumi.

Hakurudi kwa bendeji wiki ile wala iliyofuata. Baadaye tulijua kwamba majirani walikuwa wanakuja kuutazama mguu, watu wa kanisa wanapita kumpongeza, naye aliona haya kuuvua mbele yao. Kidonda kilipofunguka alisokota kitambaa akakishindilia ndani ya kikombe, akaendelea kutembea. Mama yake alipomleta, akimvuta kwa nguvu, goti lilikuwa linanuka. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Walikata tena, mara hii juu ya goti.

Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua tofauti. Mtu mwenye goti lake anaweza kurudi sokoni na mzigo, anaweza kupanda ngazi akisahau kwamba ana mguu wa bandia. Asiye na goti hasahau hata siku moja.

Habari ilipofika atelie, Gervais aliingia stoo akakaa juu ya gunia la plasta, na hakutoka hadi watu wote walipoondoka. Hakuna aliyemfuata. Mimi pia sikumfuata. Nililia, nilikuwa nampenda Nabintu, machozi yalikuwa ya kweli. Lakini chini ya machozi kulikuwa na kitu kingine, kidogo, chenye joto, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. Nilikuwa nimesema. Wote walinisikia nikisema. Siku zile nilikuwa napita kwenye korido nikingoja mtu aniambie, "Mama Adolfina, ulitwambia." Wawili watatu waliniambia. Nilitikisa kichwa kwa huzuni, nikasema haifai kulaumiana, na kaa lile likapata hewa.

Nikaanza kwenda Mutakura kumhudumia Nabintu. Nilikuwa naenda baada ya kazi na siku za Jumamosi, nabeba maharage, sabuni, dawa za kusafishia kidonda. Nilimwogesha, nilifua, nilisali naye nikimshika mkono. Mistari ya Injili kuhusu kutoa kwa siri nilikuwa naijua kwa kichwa, kwa hiyo sikuitangaza huduma ile. Niliitaja tu katika kikundi cha maombi, kama hitaji la kuombewa. Wakaniombea nguvu. Mchungaji msaidizi alisema kanisa lingekuwa na akina Adolfina kumi, mji ungebadilika. Niliinamisha uso.

Jioni moja nilimkuta Nabintu amekaa mkekani mlangoni, mama yake kando anachagua mchele kwenye ungo. Nilifanya kama kawaida. Nilibadilisha bendeji, nikapanga vitu nilivyoleta, nikasali sala ndefu. Nabintu hakusema amina. Alingoja nimalize, nifungue macho.

"Mama Adolfina," akasema, "mi nikuulize kitu. Nikipona leo, nisimame, nisikuhitaji tena, weye utafurahi?"

Nikamwambia swali gani hilo, bila shaka nitafurahi.

"Apana. Fikiri kwanza."

Nilitaka kufikiri jibu, nikajikuta nafikiria Jumamosi bila ya kuja pale, na kikundi cha maombi kikiwa hakina la kuniombea. Alinitazama usoni muda wote, nadhani aliviona vyote vikipita.

"Pasta alinihitaji nitembee," akasema. "Weye unanihitaji nilale. Mi nimechoka kuwa kitu ya watu. Asante kwa maharage. Usirudi tena."

Mama yake hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele, kimoja kimoja, akivitupa uani. Nilichukua kikapu changu. Nilitembea hadi barabara kubwa nikiwa na hasira, na hasira ile iliniambia mengi kuliko mahubiri. Kama ningekuwa naenda kwa ajili yake, ningeumia. Mimi nilikuwa nimenyang'anywa.

Gervais hakudumu. Tangu siku ile ya gunia alikuja kazini, alifanya kazi, ila mikono yake ilikuwa kama ya mtu aliyeazima. Aliitoa kalenda ukutani mwenyewe. Ugonjwa wa ini ukamshika, akaacha kazi, na nilikwenda kumuaga nyumbani kwake nikijua ni kuaga kweli. Alikuwa amekuwa mdogo kitandani, shuka limekaa juu yake kama juu ya mbao. Tulizungumza habari za zamani, ndoo zangu nilizoharibu, yule muuzaji wa Buyenzi. Nikadhani tumemaliza. Nilipoinuka akanishika mkono.

"We ulijua," akasema. "Kuhusu Nabintu, ulijua."

Nikasema tuliache hilo, Mzee.

"Na mi nilijua. Nilikuwa natafuta mutu wa kunizuia. Ungekuja stoo, ukaniambia mi peke yangu, Gervais apana, ningekusikia. Mbona ulikuja kunisema mbele ya watu?"

Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua. Nilimfunika miguu, nikamwambia apumzike. Alifariki kabla ya mvua kuanza, na mazishini walinipa nafasi ya kusema juu ya mwalimu wangu. Nilikataa. Watu walidhani ni kwa sababu ya uchungu.

Nimelibeba swali lake tangu siku hiyo. Nilikuwa na haki katika kikao kile, kila neno nililosema kuhusu kigutu lilikuwa kweli, na ukweli ule ule ungeliokoa goti la mtu kama ningeupeleka mlango wa stoo badala ya kuupeleka mezani. Nilichagua mahali ambapo ungenipendeza mimi. Msinielewe vibaya, Gervais ndiye aliyechukua plasta na Pasta ndiye aliyeomba. Lakini kila mmoja wetu siku ile alikuwa anamtumikia Mungu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtazama Nabintu.

Pasta Elie alihamishwa, ibada ile ikafa yenyewe, na fundi wenu Innocent akaja. Yeye ndiye aliyekwenda Mutakura kumshawishi Nabintu ajaribu tena. Hilo sijui alilifanyaje, na sijawahi kumwuliza. Nabintu alikubali kwa sharti kwamba asiguswe na mtu wa zamani. Innocent alimpima, akafunga plasta, akaniletea ganda kwenye chumba cha nyuma, akaliweka mezani. Nilimimina, nikafungua, nikachonga. Sanamu ya juu ya goti ni ngumu, mnajua, nyama ni nyingi, mifupa imejificha, na ukingo wa ndani unaopita karibu na kinena lazima uutafute kama mtu anayetafuta njia gizani. Nilichonga nikisikia sauti yake upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anamwambia Innocent kwamba plasta yake nayo inanuka.

Siku aliposimama sikutoka. Nilisikia makofi machache, nikamsikia Innocent akicheka. Nilikaa na tupa mkononi, nikajiambia: hii basi, hii ndiyo safi, hakuna anayekuona. Na papo hapo nikajiona nimejiona. Nilikuwa nimekaa benchi la mwisho tena, safari hii nikiwa peke yangu, ninajipigia makofi. Tangu hapo niliacha kuutafuta moyo safi kama kitu ambacho mtu anakipata siku moja na kukiweka kabatini. Nilishika kazi iliyofuata. Hilo ndilo nililokuwa nafanya miaka yote mliyoniona mkanisifu.

Sasa la mwisho, ambalo Innocent hakulijua alipoandika hotuba yake.

Muda mfupi kabla ya kustaafu nilikwenda bandarini kumpa mpwa wangu mzigo, maana anafanya kazi na wakala wa forodha. Palikuwa na boti la mizigo linalojiandaa kwenda Kigoma, makuli wanapanga magunia, na wachuuzi wachache wamekaa juu ya mabelo yao ya nguo wakingoja kuitwa. Nilimtambua Nabintu kwa mwendo kabla ya uso. Alikuwa anavuka kutoka kivulini kwenda kwenye maji ya kunywa, na mguu wa kulia alikuwa anauzungushia nje, kama mtu anayekwepa dimbwi. Amenenepa, nywele zimeanza mvi. Alipogeuka tukawa uso kwa uso, hatuwezi tena kujifanya.

Tulisalimiana. Nikauliza habari za mama yake, akasema alimzika. Akasema anahamia Kigoma kwa kaka yake, Bujumbura imemtosha. Hakuwa mkali, na hakuwa na furaha ya kuniona. Nikamwambia naona mguu unamtembeza.

"Ni muzuri," akasema. "Innocent aliufanya muzuri."

Neno lilinifika mdomoni. Ni wangu, nilikuwa naenda kusema, nilikuwa nyuma ya ukuta, ni mikono hii. Lilikuwa fupi, na pengine lingetupatanisha. Nililimeza. Nikamwuliza kitu kingine, nikitazama chini kwenye kiatu chake na si usoni.

"Inakuuma wapi?"

Makuli walikuwa wanaitana, mtu akapita katikati yetu na gunia.

"Huku ndani, juu," akasema, akigusa paja karibu na kinena. "Inakata. Nikikaa kwenye kiti kigumu, nikivuka mutaro. Tangu siku ya kwanza. Sikumuambiaka Innocent. Alikuwa amefurahi sana, ningemuharibia."

Nilimwomba abaki siku moja, apite atelie, ni kazi ya asubuhi moja. Akasema jina lake liko tayari kwenye boti, na mzigo umeshapakiwa. Wakaita abiria. Aliinamisha mwili upande mmoja, akauzungusha mguu, akapanda ule ubao wa boti akishika kamba kwa mikono miwili. Juu pale alitafuta mahali, akakuta sanduku la mbao, akakaa taratibu, kwanza upande wa kushoto.

Nilirudi na sikuwaambia. Ningewaambia vipi bila kueleza yote haya? Sasa nimeeleza. Innocent, usiumie, kipimo chako kilikuwa sawa. Ukingo wa ndani niliuacha juu mno mimi, kwenye sanamu. Kama kuna mmoja wenu anayemjua fundi wa miguu huko Kigoma, ampigie. Amwambie amtafute mwanamke Mkongo anayeuza vitenge, anayezungushia nje mguu wa kulia, aushushe ukingo huo kwa unene wa kidole na kuulainisha. Na asimwambie Nabintu ni nani aliyemtuma.